Hapana, Hamna na Hakuna: Juu ya Kuhesabu Samaki wa Miambani kwa Video

Mji wa Songea uko mbali na bahari, lakini maji yake yana njia ya kufika huko. Katika milima ya Matogoro, iliyo mashariki ya mji, ndiko unakoanzia Mto Ruvuma. Mto huo huteremka, hugeuka, hushika mpaka wa Tanzania na Msumbiji, na baada ya safari ya kiasi cha kilometa 800 huingia katika Bahari ya Hindi mkoani Mtwara, mahali ambapo tangu mwaka 2000 pana Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Kwa upande wa magharibi, barabara ipitayo Mbinga humfikisha msafiri Mbamba Bay, ufukoni mwa Ziwa Nyasa, mwendo wa kiasi cha kilometa 170. Basi mtu wa Songea amekaa kati ya maji mawili, na katika maji yote mawili swali linaloulizwa siku hizi ni moja: samaki waliobaki ni wangapi?

Swali hili laonekana kuwa ni la wataalamu wa samaki peke yao. Hata hivyo sehemu kubwa ya jibu lake imo katika lugha. Katika miaka ya karibuni imeenea duniani namna ya kuhesabu samaki kwa kamera za video zinazoteremshwa majini, na kamera hizo zimeleta habari nzito kuhusu papa, ikiwa ni pamoja na papa wa pwani ya Afrika ya Mashariki. Habari hizo hapana budi zielezwe kwa Kiswahili, kwa maana wavuvi ambao miamba yao inahesabiwa ni Waswahili na majirani zao. Hapo ndipo mwenye kueleza akutanapo na jambo lililo dogo kwa sura na kubwa kwa maana. Kamera ikitazama saa nzima bila kuona papa hata mmoja, isemweje: hapana papa, hamna papa, au hakuna papa?

Msomaji wa sarufi anajua kwamba maneno haya matatu hayana asili moja ya maana. La kwanza lina kiambishi cha PA, ambacho huonyesha mahali dhahiri panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. La pili lina kiambishi cha MU, cha ndani ya kitu. La tatu lina kiambishi cha KU, cha mahali papana pasipo mpaka ulio wazi. Ni kweli kwamba katika mazungumzo ya kila siku tofauti hii imefifia. Watu wengi hutumia “hakuna” kwa yote matatu, na “hapana” limekuwa neno la kukataa jambo lolote. Lakini kazi ya kamera za majini inadai tofauti hiyo irudishwe, kwa sababu kila kiambishi kati ya hivi vitatu chaonyesha kiasi mbalimbali cha ujuzi.

Kamera na chambo chake

Kwa muda mrefu samaki wa baharini walikadiriwa kwa kutazama walioletwa pwani. Njia hiyo ina kasoro iliyo wazi: samaki waliomo ndani ya chombo huonyesha bidii ya mvuvi na ubora wa nyavu zake pamoja na wingi wa samaki, wala si rahisi kuyatenga mambo hayo. Mwaka 1954 Vernon Brock alieleza njia aliyoitumia Hawaii, ya kumtuma mpiga mbizi apite juu ya mwamba kwa kufuata kamba iliyopimwa, akiandika samaki anaowaona kwa kila upande. Njia hiyo ilienea na inatumika mpaka leo. Lakini mpiga mbizi ana mapovu, ana kivuli, na ana hewa yenye kiasi. Samaki wengine humkimbia, wengine humfuata kwa udadisi, na papa aliyekwisha kuvuliwa sana hujifunza kukaa mbali na binadamu.

Kupiga picha chini ya maji si jambo jipya. Louis Boutan, mtaalamu wa Kifaransa, alipiga picha baharini huko Banyuls-sur-Mer mwaka 1893. Lililokuja baadaye ni kuiacha kamera peke yake, bila mtu, pamoja na chambo. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wataalamu wa Hawaii, New Zealand na Australia waliitengeneza njia hiyo hata ikawa na kanuni zinazofanana.

Chombo chenyewe ni rahisi. Ni kiunzi cha chuma chenye uzito wa kutosha kukaa sakafuni pa bahari bila kusukumwa na mkondo. Kamera imefungwa juu yake ndani ya kasha lisilopenyeza maji. Mbele ya kamera umetokeza mkono wa bomba wenye urefu wa kiasi cha mita moja na nusu, na mwisho wa mkono huo pana kifuko cha wavu chenye kiasi cha kilo moja ya samaki wenye mafuta waliopondwa, kama vile dagaa. Kamba hupanda kutoka kwenye kiunzi mpaka kwenye boya linaloelea juu. Mashua huondoka; kamera hutazama kwa saa moja au saa moja na nusu; harufu ya chambo huchukuliwa na mkondo; na samaki walao nyama huja kutafuta asili yake. Vituo huachanishwa kwa mita mia kadhaa, ili papa mmoja asije akaonekana katika vituo viwili kwa wakati mmoja. Kisha filamu hupelekwa nchi kavu, na mtu hukaa kuzitazama dakika kwa dakika. Saa moja ya filamu yenye samaki wengi humtaka mtazamaji saa nyingi za kazi.

Pengine kamera mbili hufungwa pamoja, zikiwa zimeelekezwa mahali pamoja kwa pembe iliyopimwa. Kama vile macho mawili ya binadamu humpa kipimo cha umbali, kamera hizo mbili humwezesha mtaalamu kupima urefu wa samaki bila kumgusa. Kipimo hicho kina faida kubwa: mwamba wenye chewa ishirini wachanga si sawa na mwamba wenye chewa ishirini walio tayari kutaga, ijapokuwa hesabu ni moja.

Hesabu ya kilele

Hapa lazuka tatizo la kwanza la hesabu. Samaki huingia mbele ya kamera, hutoka, na hurudi. Tuseme kwamba katika dakika ya 12 wamepita papa wawili; katika dakika ya 27 wameonekana watatu kwa pamoja; katika dakika ya 41 amepita mmoja. Mwenye haraka atajumlisha na kupata sita. Lakini yule wa mwisho aweza kuwa mmoja wa wale wa kwanza. Kwa hiyo wataalamu wamekubaliana kuandika idadi ya juu kabisa ya samaki wa aina moja walioonekana pamoja katika picha moja. Katika mfano huu idadi hiyo ni tatu. Kwa Kiswahili yafaa iitwe “hesabu ya kilele”.

Mfano wa nchi kavu utafafanua. Mtu amekaa dirishani mbele ya stendi ya mabasi ya Songea. Asubuhi anaona wapagazi wanne wenye kofia nyekundu wamesimama pamoja, baadaye anaona wawili, halafu watatu. Hana haki ya kusema kwamba wapagazi hao ni tisa. Awezalo kuliapia ni kwamba hawapungui wanne. Huenda wako kumi, ila hawakupata kusimama pamoja mbele ya dirisha lake.

Basi hesabu ya kilele si idadi ya samaki waliomo katika mwamba. Ni ushahidi kwamba hawapungui kiasi fulani. Ikiandikwa kwa Kiswahili “papa watatu”, maana imepotoka. Ikiandikwa “papa wasiopungua watatu”, maana imesimama. Tofauti hii inakuwa kubwa zaidi kilele kinapokuwa sufuri. Kwa kanuni ile ile, sufuri maana yake ni “papa wasiopungua sufuri”, yaani kwa peke yake haisemi lolote kuhusu mahali pengine isipokuwa pale mbele ya kamera, kwa saa ile. Hapo ndipo mahali halisi pa neno “hapana”. Filamu moja tupu yatoa ruhusa ya kusema: hapa hapaonekani papa. Haitoi ruhusa ya kusema zaidi.

Yaliyomo ndani ya mwamba

Neno la pili, “hamna”, lina shida yake. Mwamba wa matumbawe ni nyumba yenye vyumba vingi. Mkunga hukaa shimoni na kutoa kichwa tu. Samaki wadogo wadogo hujificha katikati ya matawi ya matumbawe, na wengine hutoka usiku tu. Kamera hutazama uso wa nyumba, haifungui milango. Kwa hiyo habari ya kamera kuhusu yaliyomo ndani ni haba, na “hamna” ni neno ambalo filamu haiwezi kulithibitisha.

Tena chambo chenyewe huchagua. Papa, chewa, kolekole na mkunga huja kwa sababu ya harufu ya nyama. Pono, tasi na kangaja ni walaji wa mimea ya baharini. Wakionekana mbele ya kamera, mara nyingi ni kwa kupita njia. Anayelinganisha wingi wa chewa na wingi wa pono kwa filamu ya chambo ni kama anayehesabu watu wa mji kwa kusimama mlangoni pa duka la nyama. Maji nayo yana sehemu yake. Mkondo wenye nguvu hupeleka harufu mbali na kuwaita samaki wengi, na mkondo dhaifu huwaita wachache. Msimu wa mvua, mito inapoleta udongo, kamera hupofuka. Na mtu wa Songea afahamu kwamba matope yanayoifumba kamera karibu na maingilio ya Ruvuma yaweza kuwa yametoka katika mashamba na vilima vya nchi yake.

Kuna samaki ambao kamera ya chambo haifai kwao hata kidogo, na mfano mzuri uko Tanzania. Papa shilingi, samaki mkubwa kuliko samaki wote duniani, hula viumbe vidogo sana vinavyoelea majini, wala hashawishiwi na dagaa waliopondwa. Katika kisiwa cha Mafia, karibu na Kilindoni, huonekana kwa wingi toka kiasi cha mwezi wa Oktoba mpaka Machi, kisha haonekani. Ilikuwa rahisi kudhani kwamba huondoka na kwenda nchi nyingine. Wataalamu walimfungia vyombo vidogo vya kutoa sauti, wakaweka baharini vipokezi vya kuisikiliza sauti hiyo. Na mwaka 2015 walitangaza kwamba wengi wa papa hao hukaa karibu na Mafia mwaka mzima, ila katika miezi mingine husogea kwenye maji yenye kina zaidi. Hakuonekana, lakini alikuwapo. Kiswahili hutenga vizuri maneno haya mawili, nayo yafaa yasichanganywe.

Kutoka hapana mpaka hakuna

Ikiwa filamu moja tupu haisemi lolote ila “hapana”, je, mtaalamu hawezi kamwe kufika kwenye “hakuna”? Aweza, lakini kwa wingi wa filamu. Methali inasema kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza. Yafaa kuonya juu ya mwenendo wa watu, lakini katika kazi hii kuhukumu wote kwa mmoja ndilo kosa lenyewe.

Tuchukue mfano wa kubuni. Iwe mwamba una papa, lakini ni wachache, hata kamera moja ikiteremshwa ina nafasi moja tu katika tano ya kumwona. Nafasi ya kamera hiyo kurudi tupu ni 80 katika 100. Zikiteremshwa kamera kumi, kila moja mahali pake, nafasi ya zote kurudi tupu ni kiasi cha 11 katika 100. Zikiwa ishirini, ni kiasi cha moja katika 100. Zikiwa thelathini, ni kiasi cha moja katika 1,000. Hivyo “hapana” nyingi zilizokusanywa kwa utaratibu hujenga “hakuna” moja. Lakini “hakuna” hiyo ina kipimo. Nayo ni ya eneo lililotazamwa na ya aina ya samaki wanaovutwa na chambo, si zaidi.

Kazi kubwa kuliko zote za namna hii ilichapwa katika jarida la Nature mwezi wa Julai 2020, chini ya jina la Global FinPrint, kiongozi wa waandishi akiwa Aaron MacNeil wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada. Kamera zilitazama miamba 371 katika nchi 58, na filamu zake zilizidi saa 15,000. Katika karibu mwamba mmoja wa kila mitano hakuonekana papa yeyote. Nchi na maeneo sita yalitajwa kuwa na hali mbaya kupita mengine: Jamhuri ya Dominika, visiwa vya Ufaransa vya Karibi, visiwa vya Uholanzi vya Karibi vilivyo upande wa upepo, Vietnam, Qatar, na Kenya. Katika sehemu hizo sita zikichukuliwa pamoja, kamera zilitazama kwa zaidi ya saa 800, nazo zikaona papa watatu tu.

Sababu zilizotajwa si ngeni kwa mwenyeji wa pwani. Papa hupungua pale mwamba unapokuwa karibu na miji na masoko makubwa, pale sheria zinapokuwa dhaifu, na pale panapotumika nyavu za jarife na mishipi mirefu ya ndoana nyingi. Huzidi kuwapo pale nchi ilipokataza kuwavua, ilipofunga baadhi ya miamba, au ilipoweka kiasi cha kuvua. Mwezi wa Juni 2023 kundi lililoongozwa na Colin Simpfendorfer lilitangaza katika jarida la Science hesabu ya miamba 391 katika nchi na maeneo 67. Aina tano za papa wa kawaida wa miambani zilikuwa zimepungua kwa asilimia 60 mpaka 73, zikilinganishwa na idadi inayokadiriwa kama wasingevuliwa. Pale papa walipopungua, mara nyingi taa ndio waliobaki wengi.

Papa ni samaki azaaye polepole. Aina nyingi hukawia miaka mingi kabla ya kuzaa, na mimba zao huwa na watoto wachache. Mwamba uliovuliwa tasi waweza kujaa tena baada ya muda mfupi ukipumzishwa. Mwamba uliomalizwa papa waweza kungoja kizazi kizima cha binadamu. Ndiyo sababu ni jambo zito kutamka mapema kwamba wamekwisha, na ni jambo zito vile vile kuchelewa kutamka.

Namna ya kutamka

Habari ya Kenya ilipotangazwa, wataalamu walitumia usemi wa kitaalamu wenye maana kwamba papa wamepungua hata hawafanyi tena kazi yao katika mwamba, yaani hawatoshi kuwatawala samaki wengine kwa kuwala na kuwatisha. Mfasiri mwenye haraka ataandika “wametoweka”. Lakini mvuvi aliyesikia hivyo atashangaa, kwa maana pwani ya Kenya papa wameendelea kuletwa masokoni, wengine wakiwa wachanga na wengi wakivuliwa mbali na miamba au katika ghuba. Atajua kwamba neno “wametoweka” si kweli kama alijuavyo yeye, na baada ya hapo hataamini neno jingine lolote la wataalamu hao. Neno “wameadimika” ni kweli zaidi. Na kama yatakiwa maana yote, yafaa kusemwa: papa wa miambani wameadimika hata hawana tena athari katika mwamba. Usemi huo ni mrefu, lakini urefu wake ni wa haki.

Majina ya samaki yana matatizo yao. Mtazamaji wa filamu hapana budi aandike aina, na kila aina iwe na jina moja. Majina ya Kiswahili hayakutungwa kwa kazi hiyo. Yalitungwa na jicho la mvuvi, ndoana yake na mdomo wa mlaji. Jina “changu” hukusanya aina kadha wa kadha. “Tasi” vile vile. “Pono” ni kundi kubwa. Pono hubadili rangi, na wengi wao hubadili jinsi kutoka kike kuwa kiume kadiri wanavyokua. Jambo hili liliwapoteza hata wataalamu wa Ulaya wa zamani, waliompa dume jina moja na jike jina jingine wakidhani ni aina mbili, wakati mvuvi aliyewaita wote pono alikuwa hakukosea.

Neno “papa” nalo halilingani na mpaka wa elimu ya viumbe. Papa upanga, mwenye pua ndefu yenye meno pande zote mbili, kwa elimu ya viumbe ni ndugu wa taa, kwa sababu matundu yake ya kupumulia yako upande wa tumbo. Mvuvi alimwita papa kwa umbo la mwili wake. Basi jedwali lenye safu ya “papa” na safu ya “taa” lieleze mapema papa upanga anaingia wapi, la sivyo hesabu ya kijiji na hesabu ya chuo hazitapatana kamwe, wala hapatakuwa na mwenye kosa.

Pengine jina la mvuvi limeitangulia elimu. Papa shilingi ameitwa hivyo kwa ajili ya madoa meupe yaliyotapakaa mgongoni mwake kama sarafu. Mwaka 2005 wataalamu walieleza kwamba madoa hayo hutofautiana kwa kila papa, wakatumia njia ya hesabu iliyobuniwa na wanajimu kwa kulinganisha picha za nyota ili kumtambua papa mmoja mmoja kwa picha zake. Kwa samaki huyu hesabu ya kilele haihitajiki, kwa maana kila mmoja ana alama yake. Nayo ni alama ile ile ambayo pwani ya Waswahili ilikwisha kuitia katika jina.

Kwa hiyo majina ya wavuvi ni akiba ya ujuzi, nayo yamekusanywa kwa sehemu tu. Kamusi ya Padre Charles Sacleux, iliyotoka Paris kwa vitabu viwili mwaka 1939 na 1941, ina majina mengi ya viumbe wa baharini, pamoja na lahaja yanamotumika. Kamusi za baadaye, zilizokusudiwa shule na ofisi, zilipunguza. Jina la samaki likifafanuliwa “aina ya samaki” na kuishia hapo, msomaji hakupewa kitu.

Jambo hili lina haraka yake. Papa upanga amekuwa adimu sana katika bahari ya Afrika ya Mashariki, na tangu mwaka 2007 biashara yake ya kimataifa imewekewa marufuku. Kijana wa pwani aweza kulijua jina bila kupata kumwona mwenye jina. Mzee aliyemwona anaweza kusema alikuwa akivuliwa mwezi gani, kwa nyavu gani, katika mlango upi wa mto. Kamera huona yaliyopo leo. Yaliyokuwapo miaka hamsini iliyopita hayamo katika filamu yoyote ya kamera hizi, yamo katika maneno ya wazee. Mtaalamu wa lugha anayekusanya majina ya papa katika kijiji ambacho kamera zimerudi tupu anakusanya hesabu ya aina nyingine, nayo haiwezi kurudiwa mwenye kuisema akiisha kuzikwa.

Miamba ya Ziwa Nyasa

Kwa mtu wa Songea mahali pa karibu pa kujaribia njia hii si bahari, ni ziwa. Ziwa Nyasa halina papa wala matumbawe, lakini lina miamba ya mawe, maji yaliyo maangavu mbali na midomo ya mito, na mamia ya aina za samaki, wengi wao wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Wale wakaao kwenye mawe hujulikana kwa jina la mbuna, jina lililotoka katika lugha za wenyeji wa ufukoni na kuingia katika vitabu vya elimu vya dunia nzima. Geoffrey Fryer aliwachunguza katika miaka ya 1950 huko Nkhata Bay, upande wa Malawi. Aina nyingine hukaa kwenye kisiwa kimoja au kwenye majabali machache tu, zikitengwa na majirani zao kwa ukanda wa mchanga ambao hazithubutu kuuvuka. Visiwa vilivyo karibu na Mbamba Bay na Liuli vina samaki wa namna hiyo.

Huko kanuni za baharini hazifai kuchukuliwa bila kupimwa. Mbuna wengi hula ukungu wa kijani uotao juu ya mawe. Chambo cha dagaa au usipa hakina maana kwao, na kingewaita walaji wao. Kamera isiyo na chambo, iliyoachwa mbele ya jabali kwa muda mrefu, ndiyo ifaayo. Tena maana ya maneno yale matatu hubadilika uzito. Baharini, “hapana” moja ni jambo dogo, kwa kuwa papa ni msafiri na aweza kuwa mwamba wa pili. Kwenye jabali la mbuna, ambako nchi nzima ya aina fulani haizidi kisiwa kimoja, “hapana” zilizokusanywa kuzunguka kisiwa hicho zatosha kuwa “hakuna” ya dunia yote.

Taarifa za kazi hizi kwa desturi huandikwa kwa Kiingereza, kisha muhtasari wake husomwa kwa Kiswahili mbele ya kamati za wavuvi. Katika mkutano wa namna hiyo, mwamba hufungwa au huachwa wazi. Ukifungwa kwa sababu ya “hakuna” iliyokuwa kwa kweli ni “hapana” chache, nyumba kadhaa zitakosa riziki bila haki. Ukiachwa wazi kwa sababu “hakuna” ya kweli ilipunguzwa kuwa “hapana”, watoto wa nyumba hizo hizo watarithi jina la samaki bila samaki. Yafaa basi mfasiri wa taarifa aketi na mtazamaji wa filamu kabla ya mkutano, amwulize kamera zilikuwa ngapi, zilitazama kwa muda gani na maji yalikuwaje, kisha ndipo achague kiambishi.